UZI: Namna ya kuandika maelezo ya zana ya wakala wa AI inayoleta kanuni za fyucha za kripto

Fundi_wa_Zana

Heshima kwenu wakuu.

Uzi huu ni wa wale wanaotengeneza mawakala wa akili mnemba wanaogusa masoko ya kripto, hasa upande wa fyucha, yaani mikataba inayofuata bei ya sarafu bila wewe kuishika sarafu yenyewe. Sitaongelea mikakati ya faida, anayetafuta signali apite tu. Naongelea kazi ambayo wengi wetu tunaikwepa: kuandika maelezo ya zana, yaani maneno yanayoiambia modeli lini na vipi iite kipande fulani cha msimbo. Na zana yenyewe ni ndogo, ile inayokwenda sokoni kuuliza "mkataba huu una kanuni gani?" kisha inarudi na majibu. Bei inapanda na kushuka kwa hatua ya ngapi, kiasi cha chini ni kipi, oda za aina gani zinakubalika, mkataba uko wazi au umefungwa.

Nikipitia miradi ya watu nakuta mstari mmoja: "Huleta kanuni za biashara za fyucha." Basi. Programa akikutana na mstari huo atafungua nyaraka za soko, atajaribu, atapigwa kosa, atarekebisha. Modeli haina subira hiyo. Inasoma ulichoandika, inaangalia majina ya vipengele, inakisia maana, na inasonga mbele kwa kujiamini kana kwamba imeambiwa. Ukibadilisha maelezo, tabia ya wakala inabadilika hata kama hujagusa msimbo. Kwa hiyo mimi nayahesabu maelezo kuwa sehemu ya programu, yanapitiwa na kujaribiwa kama sehemu nyingine yoyote.

Tuchukue soko la kripto la Binance kwa kuwa nyaraka zake ziko wazi kwa yeyote. Kwa fyucha zinazolipwa kwa USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata dola), kanuni zinatoka kwenye njia moja ya API, /fapi/v1/exchangeInfo, na huhitaji ufunguo wa akaunti. Unapata kila alama (jina la mkataba, kama BTCUSDT) pamoja na vichujio vyake, yaani masharti ambayo oda lazima iyapite: PRICE_FILTER, LOT_SIZE, MARKET_LOT_SIZE, MIN_NOTIONAL, PERCENT_PRICE, na vile vya idadi ya oda.

Sasa tazama mitego iliyomo.

Kuna pricePrecision. Jina linavutia, ukitaka kujua bei iandikwe kwa desimali ngapi, hilo ndilo utakalolishika kwanza. Nyaraka zenyewe zinaonya lisitumike badala ya tickSize, ambayo ndiyo hatua ya bei. Tuseme mkataba una pricePrecision ya 2 na tickSize ya 0.10. Bei ya 64321.37 ina desimali mbili, inapita kipimo cha kwanza, ila haigawanyiki kwa 0.10. Oda inarudishwa na kosa -4014. Ndugu yake quantityPrecision ana onyo hilohilo kuhusu stepSize, hatua ya kiasi.

Kuna maintMarginPercent na requiredMarginPercent. Zina namba safi kabisa, na kwenye nyaraka pembeni yake pameandikwa zipuuzwe. Lakini modeli haioni yale ya pembeni, inaona jibu ghafi la JSON tu. Mtu akiuliza "dhamana ya kudumishia nafasi ni asilimia ngapi?" wakala atasoma 2.5 na kujibu bila kupepesa macho. Hata serverTime iliyomo humo imewekewa alama ya kupuuzwa. Anayetaka saa ya seva anaelekezwa /fapi/v1/time. Na wengi ndiyo hiyo serverTime wanayoitumia kuthibitisha kwamba kanuni ni mpya!

Ninayoipenda kuliko zote ni deliveryDate. Mkataba wa kudumu hauna siku ya kuisha, ila kipengele lazima kijazwe, kwa hiyo mle kuna 4133404800000. Geuza milisekunde hizo upate 25 Desemba 2100, saa 08:00 UTC. Wakala asiyeambiwa kitu atamjulisha mteja, kwa adabu zote, kwamba BTCUSDT yake inaisha Krismasi ya mwaka 2100.

Msimamo wangu: maelezo ya kila kipengele yaanze na kile kisichotumika kwacho. Na kipengele ambacho soko lenyewe linasema kipuuzwe, kikatwe kabla hakijaifikia modeli. Usikiache halafu uandike "tafadhali usitumie".

Karibuni tujadili.

Mpiga_Hodi

Naweka kambi hapa. Mkuu nina zana ya hivyo, na maelezo yake ni mstari mmoja kama ulivyosema, neno kwa neno. Umenipiga bila kunitaja.

Mzee_wa_Spoti

Fundi, nakuheshimu ila naona unazungusha. Modeli za siku hizi zinameza maandishi marefu. Mpe wakala jibu lote la exchangeInfo na ukurasa mzima wa nyaraka, asome mwenyewe. Kwa nini tuandike upya kile ambacho soko limeshaandika?

Fundi_wa_Zana

Mzee, swali zuri, na ndiyo njia ambayo watu wanaanza nayo.

Kwanza, njia ile ya fyucha haipokei alama. Orodha ya vigezo kwenye nyaraka ni tupu. Uulize BTCUSDT au usiulize, unapewa soko zima, mamia ya mikataba, kila mmoja na vichujio vyake. Ukimimina yote hayo kwenye modeli umelipia tokeni nyingi (vipande vya maandishi ambavyo modeli inatozea) ili upate namba tano. Hilo ni la fedha tu, tunaweza kulivumilia.

Lisilovumilika ni hili: kila mkataba una tickSize, kila mmoja una stepSize, majina ni yaleyale yamejirudia mamia ya mara, na modeli inatakiwa ishike ile ya mstari sahihi. Ikiteleza na kuchukua ya jirani, jibu linaonekana la kawaida kabisa. Hakuna kosa litakalojitokeza mpaka oda irudishwe, au mbaya zaidi ipite ikiwa na kiasi ambacho mtu hakukusudia. Kuchuja alama moja ni kazi ya msimbo wa kawaida, tena mistari miwili mitatu. Tusiipe modeli kazi ambayo "if" inaifanya bila kukosea.

Kuhusu nyaraka za soko: ziliandikiwa programa anayejenga mfumo mzima. Wakala yuko katikati ya mazungumzo na mtu na anataka kujua jambo moja, niite zana hii sasa au nisiite? Swali hilo halijibiwi na nyaraka za soko lolote.

Binti_Desimali

Nimesoma kimya nikashindwa kuvumilia, maana mmegusa eneo langu.

Namba zirudishwe kama matini, na maelezo yaseme hivyo wazi. Binance wenyewe wanarudisha "0.10" ndani ya alama za kunukuu, na kuna sababu. Fungua Python uandike 0.3 % 0.1. Jibu ni 0.09999999999999998. Mtu anayekagua kama bei inagawanyika kwa hatua yake kwa kutumia namba za kuelea (float, zenye makosa madogo ya desimali) ataikataa bei halali. Kwa hiyo matini ndani, matini nje, na hesabu ifanywe kwa Decimal au kwa namba nzima. Tena kanuni ya kichujio ni kwamba (bei − minPrice) igawanyike kwa tickSize, watu wengi wanaisahau ile minPrice.

Lakini kinachoniuma zaidi ni thamani ya chini ya oda. Fuata mfano huu, namba ni za kubuni ila hesabu ni ya kweli. Bei 64321.30, hatua ya kiasi 0.001, thamani ya chini ya oda USDT 100. Mtu anasema, "nunulia 120." Wakala anaangalia: 120 ni zaidi ya 100, sawa, tuendelee. Anagawa: 120 kwa 64321.30 ni 0.001866 hivi. Anashusha kufuata hatua ya 0.001, anabaki na 0.001. Thamani yake ni USDT 64.32. Oda inagonga mwamba kwa kosa -4164, na mtu anabaki anashangaa, mbona nimetoa zaidi ya kiwango?

Kiwango cha chini cha kweli hapo si 100. Ni 0.002 mara bei, yaani USDT 128.64. Namba hiyo haimo kwenye jibu la soko, inazaliwa pale bei, hatua ya kiasi na thamani ya chini zinapokutana. Ukimwachia wakala aizalishe mwenyewe, leo ataipata, kesho ataikosa. Mimi naiweka ndani ya zana: ikipewa bei, irudishe kiasi_cha_chini_halisi kikiwa kimeshakokotolewa, na maelezo yaseme "tumia hiki, usikokotoe upya".

Na mwelekeo wa kukata desimali uandikwe. Kiasi kinashushwa, hakipandishwi, kwa sababu ukipandisha unatumia fedha ambazo mtu hakuziruhusu. Ikiwa kushusha kunakuacha chini ya kiwango, wakala aulize. Asiongeze kimyakimya hadi 0.002.

Mpiga_Hodi

Binti, hiyo ya 128.64 imenimaliza. Mara ngapi nimeona "oda ndogo mno" nikadhani soko lina wazimu.

Fundi_wa_Zana

Binti kaweka msumari. Niongeze kidogo kwenye MIN_NOTIONAL, kichujio cha thamani ya chini ya oda: oda ya soko haina bei, kwa hiyo thamani yake inapimwa kwa bei ya alama, ile mark price inayokokotolewa na soko. Na oda ya kupunguza tu nafasi (mkataba ulioufungua tayari), reduceOnly, haibanwi na kiwango hicho. Ujumbe wa kosa -4164 wenyewe unalitaja hilo. Wakala asiyejua jambo hili atamwambia mtu "nafasi yako ni ndogo mno, haiwezi kufungwa", na hilo ni kumtisha mtu bure.

Kizio_Kwanza

Salamu. Mnazungumza kama masoko yote yanahesabu kiasi kwa sarafu. Hayafanyi hivyo, na hapa ndipo fedha zinapopotea kweli.

OKX, mkataba wa BTC-USDT-SWAP, kiasi kinaandikwa kwa idadi ya mikataba, na mkataba mmoja ni BTC 0.01; wanaita ctVal. Binance upande wa fyucha zinazolipwa kwa sarafu yenyewe, mkataba mmoja wa BTC ni dola 100, na wa sarafu nyingine ni dola 10. Bybit, mikataba ya linear (inayolipwa kwa sarafu za dola kama USDT) kiasi ni sarafu, ya inverse (inayolipwa kwa sarafu yenyewe) kiasi ni dola. Nenda CME kule Chicago: mkataba wa Bitcoin walioufungua Desemba 2017 ni BTC 5, na mdogo wake, Micro, ni 0.1. Hatua ya bei ni dola 5 kwa kila bitcoin moja, kwa hiyo hatua moja kwenye mkataba mkubwa ni dola 25. Hapo hata "hatua ya bei" ina sura mbili: ya bei, na ya thamani.

Sasa fikiria wakala mwenye zana inayorudisha "kiasi_cha_chini: 1". Moja nini? Bitcoin moja? Mkataba mmoja? Dola moja? Kati ya "1" ya OKX na "1" ya Binance USDT kuna tofauti ya mara 100.

Ushauri wangu ni mkali: kipengele chochote cha kiasi kisichobeba kizio chake kisitoke kwenye zana. Ama jina libebe kizio, ama kuwe na kipengele jirani cha kizio_cha_kiasi chenye maneno machache yanayoruhusiwa. Na thamani_ya_mkataba iwepo daima, hata pale ilipo 1, ili modeli isizoee kuiruka.

Halafu kuna vituko vya majina. Fyucha za SHIB kule Binance ni 1000SHIBUSDT, kwamba bei ni ya SHIB elfu moja. Bybit wanaandika SHIB1000USDT. Mtu akisema "nipe kanuni za SHIBUSDT", zana itasema haipo. Msirekebishe kimyakimya mkampa 1000SHIBUSDT! Bei yake ni mara elfu ya ile aliyo nayo kichwani. Zana iseme: haipo, iliyo karibu ni hii, na kizio chake ni elfu.

Mzee_wa_Spoti

Haya nimekubali, jibu ghafi si la kumpa wakala. Fundi, tuonyeshe basi hayo maelezo yanavyokaa. Porojo tumeshiba.

Fundi_wa_Zana

Haya Mzee, hii hapa. Nimeiandika kwa mpangilio wa MCP, ile itifaki ya kuunganisha modeli na zana ambayo Anthropic waliitoa Novemba 2024, kwa sababu zana nyingi sasa zinafuata umbo hilo: jina, maelezo, na muundo wa vigezo kwa JSON Schema. Hata kama hutumii MCP, maudhui hayabadiliki.

> kanuni_za_fyucha
>
> Huleta kanuni za sasa za kuweka oda kwenye mkataba MMOJA wa fyucha za kripto: hatua ya bei, hatua ya kiasi, kiasi cha chini na cha juu, thamani ya chini ya oda, aina za oda zinazokubalika na hali ya mkataba.
>
> Iite kabla ya kupendekeza au kukagua oda yoyote, hata kama unadhani unazikumbuka kanuni za mkataba huo.
>
> Haileti bei ya sasa, salio, ada, levereji wala dhamana. Haiweki oda. Isitumike kwa soko la papohapo (spot). Kanuni zake ni tofauti hata alama zikifanana.
>
> soko (lazima): mojawapo ya yaliyoorodheshwa. Mtumiaji asipotaja soko, muulize. Usichague kwa niaba yake.
>
> alama (lazima): jina la mkataba kama linavyoandikwa na soko hilo, herufi kubwa. Usibadilishe mpangilio wa soko moja kuwa wa lingine.
>
> bei (hiari): ikitolewa, jibu litakuwa na kiasi_cha_chini_halisi kwa bei hiyo.

Mstari ninaoutetea kufa na kupona ni ule wa "hata kama unadhani unazikumbuka". Modeli imesoma mtandao. Ina kumbukumbu ya tickSize za miaka iliyopita, na masoko hubadilisha hatua za bei. Bila mstari huo itaruka kuita zana na kujibu kutoka kichwani, hasa kwa BTC na ETH ambazo imezisoma sana. Kwa sarafu isiyojulikana itaita bila kusukumwa. Yaani pale inapojiona inajua ndipo inapohitaji kusukumwa.

Upande wa jibu, tarehe_ya_kuisha kwa mkataba wa kudumu inarudi tupu, null, na maelezo yanasema null maana yake hauishi. Krismasi ya 2100 inabaki kwenye msimbo wangu, haitoki nje. Kipengele cha "imechukuliwa" kinabeba saa ambayo seva yangu ilipokea jibu, si ile serverTime.

Mpiga_Hodi

Mkuu mbona levereji, ile ya kufungua nafasi kubwa kuliko fedha uliyo nayo, umeitoa? Si ndiyo kanuni ya kwanza mtu wa fyucha anayouliza?

Fundi_wa_Zana

Kwa sababu mlango wake una kufuli tofauti. Madaraja ya levereji na dhamana Binance yako kwenye /fapi/v1/leverageBracket, na njia hiyo inataka ufunguo na saini ya akaunti. Ukiichanganya na zana hii, zana ambayo ingeweza kuitwa na yeyote bila siri yoyote inaanza kubeba ufunguo wa mtu. Nimeweka zana mbili. Na ile ya pili maelezo yake yanasema "matokeo ni ya akaunti hii, si ya soko kwa ujumla", ili wakala asichukue madaraja ya mteja mmoja akamsomea mwingine.

Ada ya ufadhili pia iko kwingine, na ina mtego mtamu. Mikataba ya kudumu, tangu BitMEX walipoileta kwenye bitcoin mwaka 2016, inashikiliwa karibu na bei halisi kwa malipo hayo kati ya wanunuzi na wauzaji. Wengi wamezoea kila saa nane. Binance wana /fapi/v1/fundingInfo, lakini orodha hiyo inaonyesha tu alama zilizorekebishwa. Alama isiyomo iko kwenye muda wa kawaida. Kutokuwepo ndilo jibu! Modeli ikiona orodha haina alama yake itasema "taarifa hazipatikani". Hapo maelezo peke yake hayatoshi. Msimbo ujaze 8 wenyewe na useme chanzo chake ni "kawaida".

Kizio_Kwanza

Bybit wao wanaweka fundingInterval ndani ya taarifa za mkataba, kwa dakika. 480 badala ya 8. Narudia: kizio, kizio, kizio.

Mzee_wa_Spoti

Ninyi vijana mnaamini sana maelezo. MCP ina alama ya readOnlyHint, weka true, mteja atajua zana inasoma tu. Kwa nini kujaza maneno "haiweki oda"?

Fundi_wa_Zana

Weka zote mbili, Mzee. Alama ile inasomwa na programu inayomwendesha wakala, ili iamue kama itamwomba mtu ruhusa kabla ya kuita. Na ni dokezo tu. Mwongozo wa MCP unataka mteja asiiamini alama hiyo kama seva yenyewe haiaminiki. Yale maneno yanasomwa na modeli. Ukiyatoa utakuta modeli imeleta kanuni, kisha inamwambia mtu "oda yako imewekwa". Modeli ikiona neno "oda" mahali pengi kwenye maelezo, na haijaambiwa kazi inaishia wapi, inaikamilisha hadithi yenyewe.

Kinga ya kweli lakini si alama wala maneno. Ni kwamba msimbo wa zana hii hauna ufunguo wa kuweka oda.

Kimya_Kimya

Mimi huwa sichangii ila hapa pana pengo. Hamjagusa makosa. Zana ikishindwa inasema nini?

Nimeona zana zinazorudisha orodha tupu soko likikataa. Wakala anaona vichujio hakuna, anatafsiri kwamba mkataba hauna masharti. Hatari hiyo. Kwenye MCP kuna isError, jibu linarudi kwa modeli likiwa na alama ya kosa pamoja na maandishi. Maandishi hayo nayo ni nyaraka, tena ndizo zitakazosomwa wakati mambo yameharibika.

Ninavyoandika mimi: kilichotokea, kinachofaa kufanywa sasa, kisichofaa kufanywa. Mfano: "Soko limekataa kwa wingi wa maombi. Subiri sekunde 30 kabla ya kuita tena. Usijibu kwa kanuni za kumbukumbu." Kuita bila kukoma si mchezo. Binance wakikurudishia kosa 429 (maombi yamezidi) ukaendelea kugonga, inakuja 418, anwani yako ya IP imefungiwa, kuanzia dakika 2 hadi siku 3 kwa anayerudia. Na wakala asiyeambiwa asubiri atagonga, maana ameshazoea kwamba ukishindwa jaribu tena.

Viwango vyenyewe vya maombi vimo ndani ya exchangeInfo, kwenye rateLimits. Hivyo visimfikie wakala. Ni kazi ya msimbo kuvifuata. Ukimwonyesha ataanza kumhesabia mteja maombi.

Binti_Desimali

Na hali ya mkataba! Kuna TRADING, ndiyo, lakini pia kuna PENDING_TRADING, PRE_DELIVERING, DELIVERING, DELIVERED, SETTLING na wenzake. Maelezo yaseme: kama si TRADING, usipendekeze oda mpya, mweleze mtu hali ilivyo. Kanuni za bei na kiasi zinaendelea kurudi hata mkataba ukiwa umesimama, kwa hiyo kila kitu kitaonekana kizuri.

Fundi_wa_Zana

Kimya, ungekuwa unachangia mara nyingi zaidi. Mstari wa "usijibu kwa kanuni za kumbukumbu" naukopa leo.

Nimalizie upande wa kujaribu, maana ndipo watu wanapoachia. Maelezo yanajaribiwa bila kuunganisha soko kabisa. Mpe modeli maelezo ya zana, mpe swali, tazama tu inaita nini na kwa vigezo gani. Maswali yawe ya aina zote: ya wazi, "hatua ya bei ya ETHUSDT Binance ni ngapi?", ya kuzunguka, "naweza kununua ya dola 50?"; yasiyotaja soko, ambapo inatakiwa iulize; na yale ambayo haitakiwi kuita kabisa, kama "bei ya BTC sasa hivi?" Kundi la mwisho ndilo linalosahaulika. Zana inayoitwa kwa kila swali ina maelezo mapana mno.

Kisha mpe jibu la kubuni lenye namba za ajabu, mfano hatua ya bei ya 0.37 kwa BTC. Akijibu 0.10, basi hasomi jibu lako, anasoma kumbukumbu zake. Jaribio hili moja linafichua mengi kuliko mengine yote niliyoyataja.

Mpiga_Hodi

Wakuu nimeandika upya. Nimeweka mstari wa kuita kila mara, kizio, makosa ya Kimya. Kwenye alama nimeweka mifano miwili: "kwa mfano BTCUSDT au BTCUSDT_240628". Mnaonaje?

Kizio_Kwanza

Huo wa pili ulishaisha, 28 Juni 2024. Modeli zinapenda kunakili mifano. Mtu akisema "ule wa robo mwaka" bila tarehe, wakala atachukua hiyo iliyokaa mbele yake.

Fundi_wa_Zana

Utoe. Acha BTCUSDT peke yake, halafu ueleze umbo kwa maneno: jina la jozi, mstari wa chini, kisha mwaka, mwezi na siku kwa tarakimu mbili mbili. Na uongeze: "tarehe usiikisie, pata orodha ya mikataba iliyo wazi kwanza." Una zana ya kuorodhesha?

Mpiga_Hodi

Sina.

Fundi_wa_Zana

Basi iandike hiyo kabla ya hii. Majina, aina ya mkataba na tarehe ya kuisha vinatosha, usiweke vichujio humo.